Siku Nne za Kumtafuta Mama Ili Tupande

Mmeniuliza sana pale dukani, na kila nikianza kueleza anaingia mteja wa dawa ya kupe, habari inakatika. Basi nimeandika. Someni wenyewe, na mkimaliza msinitazame kwa huruma, maana nitawafukuza wote.

Wengi wenu hapa Kegonga ni Wakuria, kwa hiyo nianze na jambo la kwetu. Katika boma la Mjaluo mbegu hazipandwi ovyo. Mama mwenye boma ndiye anayeanza, na sisi tunaita *golo kodhi*, yaani kutoa mbegu. Akishaziweka zake ardhini anafuata mke wa mwana mkubwa, kisha wa pili, mpaka wa mwisho. Ukimruka mama, *chira* inaingia nyumbani: watoto wanadhoofika, ng'ombe wanakufa, mambo yanaharibika tu. Mimi ni Msabato, nimehubiriwa tangu utotoni kwamba chira ni uongo. Mke wangu Atieno naye ni Msabato. Lakini mwaka huu mvua ilianza, majirani wakapanda, na nyumbani kwetu upande wa Homa Bay hakuna aliyethubutu kuangusha hata punje. Mama hakuwepo. Na hakuwepo kwa sababu yangu mimi.

Mnakumbuka ile semina ya Migori niliyokwenda mwezi wa pili, ya ongezeko la watu na chakula. Nilirudi na kichwa kimefura kama andazi. Wikendi iliyofuata nikaenda nyumbani, nikawakusanya ndugu zangu na wake zao uani, nikachukua kijiti nikachora shamba la babu kwenye vumbi. Nikaligawa kwa baba na ndugu zake. Kipande cha baba nikakigawa kwa sisi wavulana sita, tukiwaacha dada zetu watatu. Nilipoanza kuwagawia wajukuu, kijiti kikakosa pa kupita. "Mnaona?" nikasema. "Tunatafuta mchawi bure. Umaskini wetu ulianzia chumbani kwa mama."

Mama alikuwa nyuma yangu ameshika birika la chai.

Alimimina chai, na kikombe cha kwanza akanipa mimi, mwanawe wa kwanza, kama kawaida yake. Lakini mvua za kwanza zilipoanguka alitia nguo mbili kwenye mfuko, akamwambia Atieno anakwenda Muhuru Bay kumwona dada yake, na simu akaizima. Siku kumi zikapita hivyo.

Alhamisi asubuhi Atieno akanipigia simu dukani. Unga ulikuwa unakwisha na watoto kumi na wanne wa pale bomani walikuwa wanakunywa uji mara moja kwa siku. "Halafu Rose amesema Jumapili anapanda," akaniambia. "Mama awepo asiwepo." Rose ni mke wa mdogo wangu Ouma, wa mwisho kabisa katika ule mstari wa kupanda.

Rose akipanda kabla ya mama, ni kama amesema mama amekufa. Mama akirudi atakuwa mgeni katika boma lake mwenyewe. Na tukisubiri, mvua inatupita, tunakula nini? Nikachukua mfuko wa mbegu ya mahindi ya muda mfupi, nikafunga duka.

Kegonga hadi Migori

Nilipata lifti kwa Mzee Chacha, yule mkulima mwenye pikapu ya kijani, wake wawili na watoto kumi na saba. Alikuwa anapeleka ndizi Migori. Hatukwenda mbali. Pale kwenye mteremko baada ya shule gari likazama kwenye tope mpaka kwenye ekseli.

Nilishuka nikisaga meno. Mzee Chacha yeye hakuwa na haraka hata kidogo. Alipiga simu moja, akajimenyea ndizi, akanipa na mimi. Baada ya saa nzima wakatokea vijana wake saba, wa kiume na wa kike, wenye majembe na magogo, wakaingia topeni wakicheka.

"Unawaona hao?" akaniuliza. "Hao ndio trekta yangu. Wewe ulisema dukani ati watoto wengi ndio umaskini. Ghala langu umeliona?"

"Nimeliona, mzee. Lakini shamba lako ni kubwa. Kwetu ni vipande vya kiganja."

"Aa! Kwa hiyo tatizo ni shamba." Alitupa ganda la ndizi. "Sasa mbona ulikwenda kumgombeza mama?"

Nikaenda kusukuma gari. Tope lilinirukia mpaka mdomoni, na vijana wakafurahi sana. Tulipofika Migori gari la mwisho la Muhuru Bay lilikuwa limeondoka, na siku moja kati ya zile tatu ikawa imekwenda na maji.

Migori

Ninapokwama Migori nakula kwa Abdalla, ambaye baba yake alitoka pwani akafungua hoteli karibu na stendi, na nyuma yake stoo ya nafaka. Nikaagiza chapati na maharagwe. Alinikuta nimeinamia sahani sili.

"Vipi, mgonjwa?"

Nikamweleza yote, mpaka kijiti. Abdalla alisikiliza huku akifuta meza ileile mara tatu.

"Astaghfirullah," akasema. "Chumbani kwa mama? Ulitamka hivyo hivyo?"

"Nilikuwa naeleza sababu za njaa."

"Njoo." Akanishika mkono akanipitisha nyuma. Stoo ilikuwa imejaa magunia mpaka juu, paka amelala kwenye gunia la tatu. "Mahindi hayo. Watu wa huko kwenu wana njaa na mahindi yako hapa. Hayakuja kwa sababu wamezaa wachache, na hayataondoka kwa sababu wamezaa wengi. Yanamngoja mwenye uwezo wa kununua, basi. Usinilaumu mimi, na mimi nina watoto wa kulisha."

Nilirudi mezani nikala chapati kwa hasira. Hebu fikirieni: siku moja tu, watu wawili wasio na semina hata moja wameninyamazisha. Nilimpigia Rose kabla sijalala. Hilo lilikuwa kosa. Nilimwambia, kwa sauti ile ya kaka mkubwa, kwamba asiguse jembe mpaka nifike na mama.

"Shemeji," akasema, "watoto wangu wawili wa kwanza wameacha kucheza. Wanakaa tu ukutani. Unajua mtoto anayekaa tu ukutani anamaanisha nini? Jumapili saa nne. Nimekuongezea masaa kwa heshima." Akakata simu.

Muhuru Bay

Ijumaa saa tano nilikuwa Muhuru. Ukiteremka tu inakupokea harufu ya omena, dagaa wa ziwa letu, na ufukwe mzima umetandazwa nyavu za kuanikia, fedha tupu. Mama mdogo Auma, dada yake mama, alikuwa ameinama anageuza omena kwa ufagio. Aliniona kutoka mbali na hakunyanyua mgongo.

"Mama mdogo, shikamoo."

"Mwalimu wa kijiti amefika," akawaambia wenzake. Wale wanawake wakageuka wote pamoja. Kumbe habari ilikuwa imenitangulia!

Nikauliza mama yuko wapi. Akaniambia nikae kwanza nile, mtu haulizi maswali na njaa. Akaleta ugali na omena ya kukaanga kwa nyanya, harufu inakupigisha magoti. Lakini ugali wenyewe, jamani, ulikuwa kama ngumi ya mtoto mchanga.

"Kula," akasema. "Nimekuwekea kidogo. Si watu tumekuwa wengi?"

Wanawake wakaangua kicheko. Nilimeza ule ugali kwa matonge mawili, machozi yako karibu. Ndipo akauona mfuko wa mbegu miguuni mwangu, na uso ukabadilika.

"Hii ni nini?"

"Mbegu. Jumapili lazima mama apande."

"Ooh." Akaweka ufagio chini. "Kwa hiyo hukumfuata dada yangu. Umefuata mkono wake wa kupandia."

"Si hivyo, mama mdogo."

"Ni hivyo. Mvua isingenyesha ungekuja?"

Nawaambia ukweli ninyi rafiki zangu, nisingekuja. Ningesubiri hasira zake ziishe. Nilimwambia hivyo. Sijui kwa nini. Labda ule ugali mdogo ulikuwa umenimaliza nguvu ya kudanganya. Akakaa kando yangu kwenye gunia.

Aliniambia kwamba zamani omena hii ilikuwa chakula cha maskini. Sasa inanunuliwa na watu wa malori kwa ajili ya kutengeneza chakula cha kuku, na yeye anayeianika hawezi kujiwekea ya kutosha nyumbani. "Nina mtoto mmoja tu, unajua," akasema. "Mmoja. Mbona mimi si tajiri?"

Kisha akaniambia mama alikwisha ondoka. Siku nne zilizopita alipanda boti kwenda Takawiri kwa dada yangu Akinyi, aliyeolewa huko. Takawiri ni kisiwa kilicho mbali kwa maji kutoka pale, na jua lilikuwa limepita utosini.

Ziwani

Mchuuzi mmoja alikuwa anapeleka magunia ya chumvi na nyavu kuelekea visiwani, akakubali kunibeba. Nahodha alikuwa mtu mkimya mwenye kofia ya sufu. Mwanzoni tulikwenda vizuri. Nikaanza kupiga hesabu: tukifika saa kumi, tunaweza kuvuka na mama jioni hiyo hiyo mpaka bara, na Jumapili itukute nyumbani tumelala.

Halafu tukaingia kwenye magugu maji. Yalikuwa shamba zima linaloelea. Propela ikajifunga, injini ikazimika, na upepo ukaanza kutusukuma tunakotoka. Nahodha akavua shati, akalala tumbo kwenye ukingo na kisu, akawa anakata shina moja baada ya jingine. Mawimbi yalipiga ubavu wa boti na maji yakaingia. Nilikumbatia mfuko wa mbegu kifuani, maana mbegu ikilowa imekwisha. Mchuuzi alinitupia kopo nichote maji. Nilichota kwa mkono mmoja, wa pili umeshika mbegu, nikiomba kwa sauti, na sikuona haya.

"Omba na jua lisizame," mchuuzi akasema. "Wewe si Msabato?"

Mungu wangu! Nilikuwa nimesahau kabisa. Jua likizama Ijumaa, Sabato imeingia. Mama hajawahi kusafiri siku ya Sabato maisha yake yote, hata baba alipokuwa anaumwa.

Injini iliwaka tena, lakini tulipogusa mchanga wa Takawiri jua lilikuwa limekwisha zama na nyumbani kwa Akinyi walikuwa wanaimba wimbo wa kufungua Sabato. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi, mjukuu amelala mapajani. Alinitazama kuanzia viatu hadi kichwani.

"Umekula?" akauliza.

Basi. Hilo tu.

Takawiri

Jumamosi ile ilikuwa ndefu kuliko wiki. Tulikwenda kanisani, tukarudi, tukala samaki na viazi vilivyopikwa tangu Ijumaa. Mtandao ulikuwa hafifu. Ujumbe mmoja tu uliingia, wa Atieno: *Rose ametoa jembe nje.*

Alasiri nilimkuta mama amekaa peke yake kivulini ubavuni mwa nyumba. Nikajipanga. Nikamwambia nimekosa, lakini mimi na kinywa changu, sikuishia hapo. Nikataka aelewe nilivyofikiri. Nikaanza tena na shamba la babu, na idadi ya watu, na chakula, na kwamba sikumlenga yeye binafsi bali hali kwa jumla. Niliongea vizuri, nawaapia. Nilipomgeukia alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, mkono mmoja umeshika kitambaa cha kichwani. Sijui kama alilala kweli.

Akinyi, aliyekuwa anasikia kutoka dirishani, akanicheka waziwazi. "Kaka, wewe ukiomba msamaha mtu anatamani umtukane."

"Atakuja kesho?"

"Sijui. Hajasema. Na usimuulize leo, unamharibia Sabato."

Sikulala vizuri. Niliwaza, je, akikataa? Nimbebe begani? Niwaambie watoto nini?

Alfajiri ya Jumapili nilikwenda ufukweni kutafuta boti, na nikamkuta mama yuko pale tayari, mfuko wake miguuni, anabishana na mwenye boti. Sikujua nilie au nicheke. Njia nzima mpaka bara hakuniambia kitu ila mara moja, alipogusa mfuko wa mbegu.

"Hii ni ya miezi mingapi?"

"Mitatu, mama."

"Afadhali," akasema, akageukia maji.

Nyumbani

Tulishukia ufukwe wa chini saa tatu na nusu. Kutoka pale hadi bomani ni kupanda mlima tu, na njia inapita ukingoni mwa shamba zuri sana la bondeni, la mwalimu mmoja mstaafu. Jenereta ilikuwa inavuta maji ya ziwa, sukuma wiki na nyanya zimejaa mpaka kwenye ua. Mama alisimama kuwasalimu waliokuwa wanapalilia, mmoja mmoja, habari za nyumbani, habari za watoto. Mimi nilikuwa nahema, naangalia saa, sikulitazama lile shamba mara mbili.

"Mama, tafadhali."

"Nakuja."

Tulipokwea ukingo nikawaona. Rose alikuwa katikati ya shamba letu, jembe mkononi, ndoo ya mbegu alizoazima kando yake. Ouma mume wake amekaa kwenye jiwe, kichwa mikononi. Atieno alikuwa amesimama mbele ya Rose kama kipa. Na watoto wote wamejipanga kwenye mpaka, kimya, wanangoja kuona Rose atafanya nini. Shimo la kwanza lilikuwa limechimbwa tayari. Lilikuwa tupu.

Nilipiga kelele. Rose alimwona mama, akaangusha jembe, akaanza kulia kwa sauti, si kwa aibu, kwa uchovu tu. Mama alikwenda moja kwa moja kwake. Nilidhani atamgombeza. Alimpangusa uso kwa kitambaa chake, akasema, "Pole, mama. Ulingoja vizuri." Kisha akageuka kwangu akanyoosha mkono. Nikampa mfuko. Hakuufungua.

"Sasa," akasema, "kabla sijapanda. Wewe ndiye msomi wetu. Ulisema nilizaa wengi, ndiyo maana hawa wana njaa."

"Mama, nimekosa."

"Sikuuliza hilo. Nilizaa tisa. Nitajie yule ambaye nisingemzaa. Mmoja tu anatosha, na mimi nitakubali ulisema kweli."

Ouma alinyanyua kichwa akanitazama, na nilijua anangoja kusikia kama ni yeye, mtoto wa mwisho. Nilipitisha majina yote tisa moyoni. Akinyi aliyenicheka jana. Walioko Nairobi. Halafu nikaona njia, njia ya mtu muungwana, ya kumaliza jambo hili kwa heshima. Nikapiga goti kwenye udongo.

"Mimi, mama," nikasema. "Usingenizaa mimi."

Nilingoja aninyanyue. Nilingoja aseme acha hayo, mwanangu.

Mama alinyoosha kidole kule bondeni tulikopita. "Lile shamba la chini lilikuwa letu," akasema taratibu, bila hasira yoyote. "Liliuzwa ukaenda chuo. Hawa wanane walilia, baba yenu akawanyamazisha. Mwaka ule ndio tuliacha kushiba." Akafungua mfuko, akachota mbegu kiganjani. "Kumbe unajua. Nilidhani hujui."

Nilijua, rafiki zangu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nilijua shamba limeuzwa, nilijua kwa nini. Nilipochora kwa kijiti sikulichora.

Mama aliinama kwenye lile shimo la Rose, akaweka punje mbili, akafukia kwa mguu, akasogea hatua moja. Atieno akachukua jembe akasimama tayari kwa zamu yake, na Rose nyuma ya wengine. Mama alipofika nilipokuwa bado nimepiga goti, alinigusa bega kwa kiganja chenye udongo.

"Sogea, mwanangu," akasema. "Uko kwenye mstari."